Kilindo, Uchaga na Kihenge: Historia ya Akiba ya Chakula katika Uwanda wa Dodoma

Historia ya uhifadhi wa chakula aghalabu husimuliwa kana kwamba ilianza na jokofu, na kwamba kabla yake hapakuwa na jambo ila kuoza. Maisha ya Ugogo hayaafiki dhana hiyo. Uwanda wa Dodoma umeinuka kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake, isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka, hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Hapo mwenye nyumba hakuhangaikia kuvusha chakula hadi kesho tu. Alihangaikia kukivusha hadi mavuno yajayo, na pengine hadi yale yatakayoyafuata.

Msamiati wa Kiswahili unashuhudia fikra hiyo. Kilindo, yaani chombo cha mviringo cha magome ya mti, kina mzizi mmoja na kitenzi linda. Uchaga ni jukwaa la kuwekea nafaka, mara nyingi juu ya moto, na kihenge ni ghala la fito zilizosukwa. Akiba nayo imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kile kijacho mwishoni. Katika maneno haya hamna dhana ya baridi. Mna ulinzi na mna wakati.

Adui walikuwa watatu: unyevu, wadudu na panya. Kiangazi kirefu kilimshinda wa kwanza, kwani nafaka iliyokauka barabara haioti ukungu. Mtama na uwele vilianikwa, pengine juu ya paa bapa la udongo la nyumba ya tembe, na masuke yaliweza kuwekwa bila kupurwa. Punje ndogo za uwele hazishambuliwi sana na fukusi. Majivu yaliyochanganywa na mbegu au kunde huziba nafasi kati ya punje na kuukausha mwili wa mdudu. Moshi wa jikoni nao ulizilinda mbegu zilizotundikwa juu ya meko. Mboga za masika, hasa mlenda, zilikaushwa na kusagwa kuwa unga, zikawa kitoweo cha kiangazi. Nyama ilikatwa vipande virefu na kuanikwa; maziwa yaligandishwa katika vibuyu, na siagi yake ikachemshwa kuwa samli.

Ghala lililojaa lilikuwa pia nguvu ya kisiasa. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji haikuweza kuvuka Ugogo bila kununua nafaka na maji na kulipa hongo. Hata hivyo, nguvu hiyo ilikuwa na mpaka wake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana hapakuwa na akiba wala mikono ya kulima. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliendelea hadi 1920, na makadirio ya wanahistoria ni kwamba iliua watu wapatao 30,000 katika jamii ya watu wapatao 150,000. Maarifa ya kuhifadhi hayakuwa yamepotea. Kihenge kilijengwa kumzuia fukusi. Hakikujengwa kulizuia jeshi.

Badiliko la pili lilikuja taratibu. Operesheni Dodoma ya 1971 iliwahamisha watu kutoka tembe zilizotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya pamoja, huku mahindi yakizidi kushindana na mtama na uwele. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akaingia nchini, kupitia Tabora, dumuzi mwenye asili ya Amerika ya Kati. Wakulima walimpachika jina la lori kubwa, Scania, na jina hilo linaeleza kwa ufupi alivyoyabeba mahindi yao.

Leo Dodoma ina maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanza kazi 2008. Hifadhi ni neno la Kiarabu lenye maana ileile ya kulinda. Ghala limehama kutoka nyumbani hadi serikalini, lakini dhana iliyozaa kilindo haijabadilika: chakula huwekwa kwa ajili ya mwaka ambao mvua haitanyesha, na salama yake humtegemea mwenye kushika ufunguo.