Mpingo: Ujue Mti Huu Kabla Hujanunua Kinyago

Ukipita kwenye maduka ya vinyago karibu na Fort Jesus, Mombasa, utaambiwa kila kitu cheusi ni mpingo. Wanaouziwa mbuzi kwenye gunia si wageni peke yao. Hata sisi Wapwani, tunapomnunulia mzee bakora au kutafuta zawadi ya harusi, wengi wetu hatujui kutofautisha mpingo na mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu. Kwa hiyo ni vyema tuujue mti wenyewe.

Ni mti gani?

Kitaalamu mpingo huitwa Dalbergia melanoxylon, nao ni wa jamii moja na kunde na maharage. Wengi huuchanganya na abunusi, lakini abunusi ni mti wa jamii nyingine kabisa. Mpingo ni mti mdogo wenye miiba, mara nyingi umepinda na kutoa mashina kadhaa. Humea katika nyika na misitu mikavu ya Afrika, na mbao yake inayouzwa nje hutoka zaidi Tanzania na Msumbiji. Tanzania imeufanya kuwa mti wake wa taifa.

Sifa za mbao yake

Ukikata gogo la mpingo utaona rangi mbili. Nje kuna tabaka jembamba lenye weupe wa manjano, na ndani kuna kiini cheusi chenye wekundu wa zambarau kwa mbali. Kiini hicho ndicho kinachotafutwa. Mita moja ya ujazo huweza kupita kilo 1,200, ilhali maji ya ujazo huo ni kilo 1,000. Ndiyo maana mpingo ukitiwa majini huzama.

Mbao hii ina mafuta ya asili, haiingiwi na maji kwa urahisi, na ikishakauka vizuri haipindi. Lakini kuikausha kunataka subira. Ikikaushwa haraka hupasuka, kwa hiyo mafundi hupaka nta kwenye ncha za gogo ili unyevu utoke polepole. Ugumu wake hufanya misumeno na patasi kuwa butu upesi, na vumbi lake huwasha ngozi na kudhuru mapafu. Fundi asiyeziba pua na mdomo anajidhuru mwenyewe.

Matumizi

Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji wamesifika duniani kwa vinyago vya mpingo. Mti huu hutengenezewa pia bakora, vipini vya visu, vitana na vipande vya sataranji. Ulaya unathaminiwa kwa ala za muziki kama klarineti, obo na zumari za mifuko za Scotland, kwa kuwa hukerezeka vizuri na hauharibiwi na unyevu wa pumzi.

Kwa nini unaadimika?

Mpingo hukua polepole mno. Huchukua kati ya miaka 70 na 100 kufikia unene wa kuvunwa. Tena, kwa kuwa mashina mengi yamepinda au yana nyufa na mashimo ndani, sehemu inayofaa kwa ala za muziki huwa chini ya moja ya kumi ya mti uliokatwa. Hapa Kenya, uhaba umewafanya wachongaji wengi kugeukia mwarobaini na mwembe, miti inayokua upesi.

Tangu Januari 2017, mpingo umo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES. Magogo na mbao za mpingo haziruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali, ingawa mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa sharti hilo. Huko Kilwa, Tanzania, vijiji vinavyosimamia misitu yao vilipata cheti cha FSC mwaka 2009, cha kuthibitisha kuwa uvunaji wao hauumizi msitu. Mwanakijiji anayeona faida ya mti uliosimama ana sababu ya kuulinda.

Jinsi ya kuutambua

Kwanza, kipime mkononi, maana mpingo ni mzito kuliko unavyotarajia. Pili, sugua chini ya kinyago kwa kitambaa chenye maji. Rangi ikitoka, umepakwa. Tatu, omba kukwaruza kidogo mahali pasipoonekana. Kiini cha mpingo ni cheusi hadi ndani. Ukiona weupe chini ya rangi, kuwa na shaka, ila ukumbuke kuwa wachongaji wengine huacha kwa makusudi sehemu ya tabaka la nje iwe pambo.

Kinyago cha mwarobaini si aibu. Aibu ni kukiuza kwa jina na bei ya mpingo. Ukinunua mpingo wa kweli, ufanye urithi wa watoto, maana mti ulioutoa huenda uliota kabla babu yako hajazaliwa.