Mjusi wa Itombwe aliyechelewa kupewa jina

Kasha, kule komini ya Bagira ambako Bukavu inakutana na mashamba, karibu kila nyumba inapika kwa makala. Gunia moja la makala ni mti uliokatwa mahali fulani, na katika milima ya Kivu Kusini kuna mjusi mwembamba ambaye mti, hata ulioanguka, ndio riziki yake. Gogo likilala msituni, jua linapenya hadi chini. Mjusi hupanda juu yake, akalaza tumbo kwenye gome mpaka mwili upate moto, ndipo aanze kuwinda wadudu. Gogo likishachomwa kuwa makala, hana pa kuota jua.

Mjusi huyo, anayeitwa vauereselli kwa jina la kisayansi, alielezwa na Mjerumani Gustav Tornier mwaka 1902. Miaka michache baadaye, 1907 hadi 1908, Mtukufu Adolf Friedrich wa Mecklenburg alipita eneo la Ziwa Kivu na msafara mkubwa, na mwaka 1912 Richard Sternfeld akaliita kundi (jenasi) la mijusi wa msituni Adolfus, kwa heshima ya bwana huyo. Baadaye vauereselli naye akatiwa humo.

Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti nchini Kongo mwaka 1947, na Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, ikawa kituo chake kikubwa. Katika miaka ya 1950 mtafiti Raymond Laurent alizunguka milima ya Itombwe, Kivu Kusini, akikusanya vyura na mijusi. Kisha ukimya ukawa mrefu, na vita vya kuanzia 1996 vikaifanya milima iwe migumu kufikika.

Kuanzia 2007 Eli Greenbaum wa Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso alifanya safari na Chifundera Kusamba wa Lwiro na Wakongo wengine. Mwaka 2011 walitangaza matokeo: chembe za urithi zilionyesha kwamba vauereselli si wa ukoo wa Adolfus hata kidogo. Akaundiwa jenasi mpya, Congolacerta, na ndani yake akaingia ndugu yake wa Itombwe ambaye sayansi haikuwahi kumtambua: Congolacerta asukului. Safari hii aliyeheshimiwa ni mwenzao Mkongo, Asukulu M'Mema. Nafurahi kila ninapolisoma jina hilo.

Lakini jina halimlindi mnyama. Ili shirika la uhifadhi la IUCN limhesabu kiumbe kuwa hatarini kwa udogo wa makazi, eneo analoenea liwe chini ya kilomita za mraba 20,000, tena kuwe na ushahidi wa angalau dalili mbili, kama vile makazi kukatikakatika na kuendelea kupungua. Ushahidi huo haupatikani bila watu kurudi mlimani mara kwa mara. Tathmini kubwa ya spishi 10,196 za reptilia iliyotolewa mwaka 2022 ilikuta zaidi ya moja ya tano ziko hatarini, na reptilia wa msituni ndio walioumia zaidi: asilimia 30, dhidi ya 14 ya wale wa maeneo makavu.

Itombwe ilitangazwa hifadhi ya asili mwaka 2006 bila wenyeji kuulizwa ipasavyo. Walipinga, nami naona walikuwa na haki, na ilichukua miaka mipaka kujadiliwa upya pamoja na vijiji. Wanaolima na kuchunga huko juu ndio wanaojua gogo gani lilikuwapo mwaka jana na sasa halipo. Watafiti wa Lwiro wapewe fedha za kwenda kuwauliza.