NCHI JIRANI: DENI LA MWALIMU WA KENYA

Nchini Kenya ipo namba ambayo mwalimu aliyekuwa kazini mwaka 1997 huikumbuka kama askari anavyoikumbuka namba yake ya jeshi. Namba hiyo ni 534. Ni namba ya tangazo la kisheria lililochapishwa mwaka huo, lile ambalo huku Tanzania lingeitwa Tangazo la Serikali, na ndani yake Serikali ya Kenya ilikubali kuwapandishia walimu mishahara, kwa baadhi yao hadi asilimia 200, kwa mafungu matano katika muda wa miaka mitano. Fungu la kwanza lililipwa. Mafungu yaliyobaki yalizaa migomo, kesi na uhasama uliodumu kwa zaidi ya miaka kumi na mitano.

Ili kulielewa jambo hilo, yafaa kurudi nyuma kidogo. Wakati wa ukoloni mwalimu wa Kiafrika nchini Kenya hakuwa na mwajiri mmoja. Huyu aliajiriwa na misheni, yule na halmashauri ya wilaya, na mwingine na bodi ya shule. Kila mwajiri alikuwa na masharti yake na uwezo wake. Walimu wawili wenye cheti kile kile na madarasa yaliyojaa sawasawa waliweza kuishi maisha mawili tofauti kwa sababu tu ya mto uliotenganisha wilaya zao. Chama cha Kitaifa cha Walimu Kenya, KNUT, kilipoundwa mwezi wa Desemba mwaka 1957, moja ya madai yake makubwa lilikuwa hilo: mwajiri awe mmoja, na mshahara uwe mmoja. Uhuru ulipatikana mwaka 1963 dai hilo likiwa bado halijatekelezwa, na halmashauri kadhaa zikawa zinashindwa kabisa kuwalipa walimu wao. Baada ya mivutano na migomo, Bunge lilipitisha sheria iliyounda Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, nayo ikaanza kazi mwaka 1967.

Sheria hiyo ya mwaka 1967 ilikuwa ushindi mkubwa, wala haifai kubezwa. Lakini ilikuwa na ufa mmoja uliokaa miaka thelathini bila kuonekana. Iliweka kamati ya mishahara ambamo wawakilishi wa walimu na wa mwajiri walikutana na kupatana. Mapatano yalipofikiwa, Waziri aliyatangaza kisheria, na tangu hapo yakawa na nguvu ya sheria. Fedha, hata hivyo, hazitoki mkononi mwa Waziri wa Elimu. Hutoka katika bajeti inayoandaliwa na Hazina na kupitishwa na Bunge kila mwaka. Kalamu ikawa upande mmoja, na mfuko upande wa pili.

Wanajeshi wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa jinsi suala la mshahara linavyoweza kuitikisa dola changa. Mwezi wa Januari mwaka 1964, katika muda wa siku chache tu, askari waliasi huko Colito Dar es Salaam na Tabora, kisha Jinja nchini Uganda, kisha Lanet karibu na Nakuru nchini Kenya. Mshahara, pamoja na suala la maofisa wa Kiingereza kuendelea kuongoza majeshi ya nchi huru, ulikuwa miongoni mwa madai yao, na serikali zote tatu zililazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza. Mwalimu hana bunduki. Silaha yake ni kuiweka chini chaki, na chaki ikiwekwa chini katika kila kijiji kwa siku moja, hakuna nyumba isiyojua.

Kwa sababu hiyo serikali za Kenya zilimwogopa mwalimu na kumbembeleza kwa zamu. Mwaka 1980 chama cha watumishi wa serikali kilifutwa, lakini KNUT kilibaki. Rais Daniel arap Moi mwenyewe alikuwa mwalimu kabla ya kuingia katika siasa mwaka 1955, na alijua vema kwamba mwalimu ndiye anayeandika barua za wanakijiji na ndiye anayesimamia vituo vya kura.

Wakati huo huo kazi ya mwalimu ilikuwa inaongezeka bila mshahara kuifuata. Kuanzia mwaka 1974, kwa agizo la Rais Jomo Kenyatta, elimu ya madarasa manne ya mwanzo ikawa ya bure, na watoto wa darasa la kwanza wakaongezeka zaidi ya mara mbili katika mwaka mmoja. Madarasa hayakuongezeka mara mbili, wala walimu. Shule zikabuni ada za ujenzi, na mzazi aliyesamehewa karo kwa mkono wa kulia akadaiwa kwa mkono wa kushoto. Mnamo mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4 uliodai karakana na masomo mapya ya ufundi, na mwaka 1988 sera ya kuchangia gharama ikawarudishia wazazi mzigo waziwazi. Mfumuko wa bei wa mwanzo wa miaka ya 1990 ukaula mshahara wa mwalimu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka 1997, nao ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu. Katibu Mkuu wa KNUT, Ambrose Adongo, aliwaita walimu katika mgomo mwanzoni mwa mwezi wa Oktoba. Uchaguzi ulikuwa umebakiza miezi isiyotimia mitatu, mitihani ya taifa ilikuwa mlangoni, na watu ambao wangehesabu kura walikuwa nje ya madarasa. Serikali ilipatana nao katika muda usiofika wiki mbili. Tangazo Na. 534 likatoka, likiwa na nyongeza ya mishahara pamoja na marupurupu ya nyumba, matibabu, usafiri na mazingira magumu. Tarehe 29 Desemba wananchi walipiga kura, na Rais Moi akarudi Ikulu.

Hakuna anayeweza kudai kwamba hali ya fedha ilikuwa siri wakati sahihi zilipowekwa. Tangu mwezi wa Julai mwaka ule ule Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa limesimamisha mkopo wake kwa Kenya kwa sababu za ufisadi, na kashfa ya Goldenberg ilikuwa imekwisha kuikausha Hazina. Waliotia sahihi walijua. Huo ndio uzito wa jambo lenyewe. Ahadi inayovunjwa na ukame au vita husameheka. Hii iliandikwa juu ya mfuko ambao mwandishi alikwisha kuuona mtupu.

Mwaka 1998 Serikali ilisema haina fedha za fungu la pili. Walimu wakagoma tena mwezi wa Oktoba, lakini safari hii uchaguzi ulikuwa umepita, nao walirudi madarasani mikono mitupu. Jambo lililofuata halikupigiwa kelele nyingi, ingawa pengine liliumiza zaidi kuliko mgomo wenyewe: mwaka huo huo wa 1998 Serikali ilisimamisha uajiri wa walimu wapya. Tangu hapo aliajiriwa tu mwalimu wa kujaza nafasi ya aliyestaafu, aliyefariki au aliyeacha kazi. Vyuo viliendelea kuwahitimisha vijana, na vijana hao wakakaa nyumbani na vyeti vyao. Deni la mwalimu aliye kazini lilianza kulipwa na yule asiye na kazi, na mtoto aliye darasani akalilipa pamoja naye.

Kisha, mwezi wa Januari mwaka 2003, serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ilitangaza elimu ya msingi bila malipo. Watoto waliongezeka kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2 hivi, na Serikali ikatenga shilingi 1,020 za Kenya kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka themanini na zaidi, alijiandikisha darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004, na dunia nzima ikaiona picha yake. Fedha hizo zilinunua vitabu na chaki, hazikuajiri walimu. Darasa lenye watoto themanini au mia likawa jambo la kawaida katika wilaya nyingi, na mbele yake akasimama mwalimu yule yule mwenye namba 534 kichwani. Kwa upande wa mishahara, serikali hiyo mpya, ambayo ilikuta walimu wametoka katika mgomo mwingine wa mwaka 2002, ilipatana nao kulipa salio polepole kwa miaka mingi, na tangazo jipya la kisheria, Na. 16 la mwaka 2003, likatolewa.

Tangazo hilo jipya lilikuja kuwa ubishi wa wanasheria. Walimu walipogoma mwezi wa Juni mwaka 2013 wakidai marupurupu ya mwaka 1997, Serikali ilijibu kwamba lile la 2003 lilikwisha kulifuta lile la 534. Wao wakasema hawakukubali kamwe kufutiwa haki zao. Mara kadhaa katika migomo ya namna hiyo polisi waliamriwa kuwatawanya walimu kwa mabomu ya machozi. Askari aliyepewa amri hiyo, ambaye sheria haimruhusu kugoma, mara nyingi naye alikuwa mzazi wa mtoto aliyebaki nyumbani kwa sababu shule imefungwa, na huenda aliyekuwa mbele yake ndiye aliyemfundisha kusoma.

Mwaka 2015 ubishi ulifika mahakamani kwa nguvu zote. Tarehe 30 Juni Jaji Nduma Nderi wa Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi aliwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Serikali ilisema haiwezi kulipa na haitalipa. Mwezi wa Septemba walimu waligoma kwa muda wa wiki tano hivi, na shule zikaamriwa kufungwa nchi nzima, isipokuwa kwa watahiniwa. Mwezi wa Novemba Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu ile. Katika sababu zake ilisema kwamba ushauri wa Tume ya Mishahara na Marupurupu, chombo kilichoundwa na Katiba ya mwaka 2010, unaifunga Tume ya Kuajiri Walimu. Kwa maneno mengine, ule ufa wa mwaka 1967 uliwekewa mlinzi: mapatano hayawezi tena kuwa sheria kabla ya mtu wa hesabu kuulizwa. Baada ya hapo pande mbili zilikaa mezani, na mwezi wa Oktoba mwaka 2016 zikatia sahihi mkataba wa shilingi za Kenya bilioni 54 kwa miaka minne kuanzia Julai 2017. Ulikuwa mdogo kuliko ule wa ndoto za 1997, lakini ulitekelezwa.

Hata hivyo mlinzi huyo hakuweza kuumba fedha. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wa Kenya waliandamana kupinga Muswada wa Fedha wenye kodi mpya, wakaingia Bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na jeshi likatolewa kambini kuwasaidia polisi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alikataa kuutia sahihi muswada huo. Miongoni mwa mambo ambayo alisema yangegharimiwa na kodi zile ni kuwaajiri kwa masharti ya kudumu walimu 46,000 wa sekondari za chini waliokuwa wakifanya kazi kwa mikataba ya muda na malipo madogo. Bajeti ya walimu ikapunguzwa, na nyongeza ya mishahara iliyokwisha kupatanwa ikaingia mashakani. Mwishoni mwa mwezi wa Agosti walimu wa sekondari wakagoma tena. Safari hii fedha zilitafutwa na kurudishwa, nyongeza ikalipwa, na walimu wakarudi kazini mwanzoni mwa Septemba. Wale 46,000 walisubiri hadi Januari 2025 ndipo wakapewa ajira ya kudumu.