Tumbili aliyepewa jina la kasino

Aprili 29, 2025, bodi inayosimamia kamari nchini Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Agosti mwaka huohuo Rais William Ruto akatia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari, na ile iliyokuwapo tangu 1966 ikawekwa kando. Mjadala uliofuata umehusu zaidi redio na televisheni: nani atangaze, saa ngapi, na kama msanii maarufu aachwe awaambie vijana kwamba utajiri uko kwenye simu zao. Ni mjadala wa haki, na umechelewa. Hata hivyo, kasino za mtandaoni zimeshawahi kufungiwa matangazo, tena na dola kubwa kuliko yetu, na kilichofuata kinapaswa kusomwa na kila mhariri wa Nairobi na Dar es Salaam. Zilipokosa nafasi ya kulipia tangazo, zilijigeuza kuwa habari.

Biashara yenyewe ilianzia visiwani. Mwaka 1994 Antigua na Barbuda ilipitisha sheria ya biashara huria iliyotoa nafasi kwa kampuni za kamari kupata leseni, na kufikia 1996 kasino za kwanza zilikuwa zikipokea dau za fedha halisi kupitia intaneti. Seva zilikuwa Karibi, wachezaji wengi walikuwa Marekani. Kati yao wakaingia madalali, watu waliofungua tovuti za kuorodhesha kasino, kuzipa alama, kufundisha kanuni za poka na kueleza bonasi. Msomaji alidhani anapewa ushauri. Kumbe dalali alikuwa analipwa kwa kila mtu aliyemfikisha kwenye kasino, na mara nyingi malipo yake yalikuwa asilimia ya fedha ambazo mtu huyo angepoteza, mwezi baada ya mwezi, kwa muda wote ambao angeendelea kucheza. Utaratibu huo bado upo hadi leo, na ndio unaoeleza kwa nini makala nyingi za ushauri wa kamari hazina hamu ya kumshauri mtu aache.

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin walianzisha Google. Mtambo wao ulitofautiana na iliyoutangulia kwa sababu haukuhesabu maneno ya ukurasa peke yake. Ulitazama pia ni kurasa ngapi nyingine zimeweka kiungo kuelekea ukurasa huo, na kama kurasa hizo zenyewe zinaheshimika. Kiungo kutoka kwenye gazeti kubwa kilikuwa na uzito kuliko viungo vingi vya tovuti zisizojulikana. Kuanzia hapo kiungo kikawa mali, na hakuna waliolielewa hilo mapema kuliko watu wa kamari.

Kisha serikali ya Marekani ikaja juu. Mnamo Juni 2003 ofisa wa Wizara ya Sheria, John Malcolm, aliuandikia barua umoja wa kitaifa wa watangazaji, akitaka ujumbe uwafikie wanachama wote. Barua hiyo ni fupi na haina maneno ya mzunguko: kasino za nje zinazopokea dau kutoka Marekani zinavunja sheria, na chombo cha habari kinachopokea matangazo yao kinaweza kuhesabiwa kuwa kinasaidia uhalifu. Haikuwa amri ya mahakama, lakini vyombo vya habari vilitishika. Aprili 2004 maofisa wa shirikisho walizuia zaidi ya dola milioni 3 ambazo kampuni ya poka ya Costa Rica ilikuwa imeilipa Discovery kwa ajili ya matangazo ya televisheni. Mwezi huohuo Google na Yahoo zikatangaza kwamba hazitauza tena matangazo ya kamari.

Agosti 2004 kampuni ya Casino City, iliyokuwa ikiendesha orodha ya kasino mtandaoni, iliishtaki Wizara ya Sheria katika mahakama ya shirikisho huko Louisiana. Ilidai kwamba kuwaeleza watu kasino gani zipo na zinaendeshwaje ni uhuru wa kusema, unaolindwa na katiba. Februari 2005 kesi ikatupwa. Jaji aliona kampuni haijaonyesha kwamba ilikuwa inakabiliwa na hatari ya kushtakiwa, na tena kwamba tangazo la jambo lisilo halali halina kinga hiyo. Madalali walishindwa mahakamani, lakini wakati huohuo kasino moja ilikuwa imeshagundua kwamba haihitaji kinga ya katiba wala nafasi ya tangazo.

Kasino hiyo ni GoldenPalace.com, iliyokuwa na leseni ya mamlaka ya Wamohawk wa Kahnawake, karibu na Montreal. Ilianza na mabondia. Septemba 2001, Bernard Hopkins alipomkabili Felix Trinidad mjini New York, mgongo wake ulikuwa umechorwa jina la tovuti hiyo kwa wino wa muda. Nevada ilijaribu kupiga marufuku michoro hiyo ulingoni, mahakama ikaizuia. Agosti 2004, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Athens, mwanamume mmoja kutoka Kanada aliyevaa sketi fupi ya dansi ya baleti aliruka ndani ya bwawa katikati ya fainali ya kupiga mbizi, jina la kasino likiwa limeandikwa mwilini mwake. Ugiriki ilipata dhahabu yake ya kwanza ya michezo hiyo katika fainali hiyo, na bado magazeti mengi ya dunia yaliandika kuhusu mrukaji.

Novemba 2004 ukaja mkate. Mwanamke mmoja wa Florida aliweka kwenye mnada wa eBay kipande cha mkate wa jibini alichosema amekihifadhi kwa miaka 10, chenye taswira ya Bikira Maria. GoldenPalace.com ilikinunua kwa dola 28,000. Mei 2005 ikanunua gari aina ya Volkswagen Golf lililowahi kusajiliwa kwa jina la Kadinali Joseph Ratzinger, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa amechaguliwa kuwa Papa Benedict XVI. Bei ilikuwa karibu euro 189,000. Januari 2006 ilitoa dola 25,000 kwa jiwe la figo la mwigizaji William Shatner, fedha zikaenda kwenye shirika la kujengea maskini nyumba. Katikati ya hayo, mwanamke mmoja wa Utah alilipwa dola 10,000 achanjwe jina la kasino kwenye paji la uso, chale ya kudumu. Kati ya vituko vyote vya kampuni hiyo, hicho ndicho kisichosameheka.

Tufanye hesabu yao. Dola 28,000 zisingenunua nafasi ya maana kwenye televisheni ya Marekani, hata kama televisheni ingekubali. Mkate ule ulizungumzwa na mashirika makubwa ya habari, na kila tovuti ya habari iliyotaja mnunuzi kwa jina lake kamili lenye nukta na com ilikuwa imelitangaza bila malipo. Zile zilizoweka kiungo ziliupa mtambo wa Google ushahidi kwamba kasino hiyo ni mahali muhimu. Wizara ya Sheria ingeweza kumtisha meneja wa matangazo. Mwandishi wa habari ilimwacha, na ilikuwa sahihi kumwacha. Kampuni ilikuwa imejificha nyuma ya uhuru wetu sisi waandishi.

Ununuzi uliokwenda mbali kuliko wote ulihusu tumbili. Mwaka 2004 mwanabiolojia Robert Wallace na wenzake wa shirika la kuhifadhi wanyamapori, Wildlife Conservation Society, walithibitisha kwamba tumbili wadogo waliokuwa wakiwaona magharibi ya Bolivia, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Madidi, ni spishi ambayo sayansi haikuwa imeisajili. Ni wanyama wa rangi ya hudhurungi na machungwa, wenye manyoya ya dhahabu kichwani. Dume na jike hukaa pamoja, na dume ndiye hubeba watoto. Kwa desturi mgunduzi huchagua jina mwenyewe. Wallace na wenzake waliamua kuipiga mnada haki hiyo, fedha ziende kwenye ulinzi wa Madidi, hifadhi yenye eneo la karibu kilomita za mraba 19,000 na walinzi wachache mno. Mwaka 2005 kasino ikashinda kwa dola 650,000. Spishi ikaitwa Callicebus aureipalatii, jina la kampuni katika Kilatini, na ikaelezwa rasmi kwenye jarida la Primate Conservation mwaka 2006.

Ukisoma makala ile ya kisayansi unakutana na vipimo vya meno, ramani za mito na maelezo ya sauti za alfajiri. Ni kazi safi ya watafiti. Fedha ziliwekwa kwenye mfuko wa hifadhi za Bolivia ili zilipe mishahara ya walinzi, na sina neno baya juu ya watafiti waliotazama msitu wao ukikosa ulinzi wakapokea mkono ulionyooshwa. Lawama yangu iko kwingine. Tangazo la redio lina saa yake likaisha. Jina la spishi haliishi. Wataalamu walipopanga upya familia ya tumbili hao mwaka 2016 walibadilisha jina la jenasi tu, likawa Plecturocebus, kwa sababu kanuni za sayansi zinalinda neno la pili. Hakuna serikali itakayoliondoa, wala mahakama.

Yaliyofuata yanajulikana. Oktoba 13, 2006 Rais George W. Bush alitia saini sheria ya kuzuia benki kuhamisha fedha za kamari za mtandaoni. Desemba 2007 Google, Yahoo na Microsoft zikakubali kulipa jumla ya dola milioni 31.5 kumaliza madai ya matangazo yao ya zamani. Madalali wakahamia Ulaya, wakageuka kampuni kubwa zenye hisa sokoni. Google nayo ilirekebisha mtambo wake mara kwa mara, hasa Aprili 2012, ili viungo vya kununuliwa visihesabiwe.

Kwetu kamari ya simu ilisubiri M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ndipo SportPesa ikaingia sokoni Kenya mwaka 2014. Julai 13, 2017 Everton walicheza na Gor Mahia katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na Wayne Rooney, aliyekuwa amerejea tu klabuni kwake, akafunga bao la mbali. Timu zote mbili zilikuwa na mdhamini mmoja. Picha ya bao lile ilizunguka dunia ikiwa na jina la kampuni ya kamari kifuani, na hakuna gazeti lililoweza kuripoti mechi bila kuibeba. Mwaka 2019 Kenya ikabana matangazo ya barabarani, ya mitandao ya kijamii na ya watu mashuhuri. Kampuni kadhaa zikapoteza leseni.

Lakini kijana anayetaka kubeti leo hasubiri redio. Anaandika "mkeka wa leo" kwenye simu, na anayemjibu ni dalali yuleyule wa miaka ya tisini, sasa akiandika Kiswahili: utabiri wa mechi, namna ya kujisajili, bonasi ya kwanza. Mkeka ukichanika, dalali anaweza kuwa amelipwa. Machi 2024 Google ilitangaza kwamba itaziadhibu tovuti zinazokodisha kurasa zao kwa watu wanaotafuta kupanda kwenye matokeo, na mfano mmoja iliotoa ni tovuti ya tiba yenye ukurasa wa kasino bora. Kwa maneno mengine, kampuni ya California imeweka sharti ambalo wenye vyombo vya habari wangepaswa kujiwekea wenyewe zamani.

Nairobi na Dar es Salaam, wasimamizi wa kamari na mabaraza ya habari wanaweza kuanza na jambo moja lisilohitaji sheria mpya: kila ukurasa wa utabiri unaochapishwa na chombo cha habari ueleze, juu kabisa na kwa herufi za kawaida, nani ameulipia na analipwaje msomaji anapopoteza.