Hasira ya mupira mu Lubumbashi: nani ataiandika?

Kuna hadisi moja ambayo mu Lubumbashi tunapenda kuicheka. Tarehe 18 Desemba 2010, Tout Puissant Mazembe ilicheza finali ya Kombe la Dunia la vilabu kule Abu Dhabi, juu ya Inter ya Milano. Tulishindwa 3-0: Pandev, Eto'o, kisha Biabiany ku mwisho. Mwamuzi alikuwa Yuichi Nishimura, mutu wa Japani. Magaribi ile ile, mu muji wetu, vijana walishambulia maduka ya Wachina. Walivunja, waliiba. Walifikiri mwamuzi ni Mushina.

Kila mara mutu anaisimulia, watu wanacheka: "Bale balikuwa bajinga, hata kutofautisha Japani na Shine." Kisha mazungumuzo yanaisha pale. Mimi ninaona kama yalipashwa kuanzia pale. Wale vijana walikosea mutu, ni kweli. Lakini juu ya nini hasira yao, mu magaribi ya mupira, ilienda moja kwa moja ku mulango wa Mushina, na haikuenda fasi ingine? Mutu mwenye hasira anapiga kwanza mulango ambao anaujua tayari. Ili kujibu, inaomba turudi nyuma sana, mbele ya Mazembe hata kuitwa Mazembe.

Mupira ulifika na kazi

Muji wetu ulizaliwa mu mwaka wa 1910, juu ya shaba. Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeanzishwa mu 1906, reli ilifika mu 1910, na mu 1911 izini ya kuyeyusha shaba ikaanza kutoa moshi kando ya muto Lubumbashi. Watu waliletwa kutoka mbali: Kasai, Rodezia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilichoka kuajiri watu wa miezi sita ambao wanarudi kwao ao wanakufa. Ikaamua kuweka mufanyakazi na bibi na watoto mu kambi, na kuwapa nyumba, posho, masomo, hospitali.

Sasa, mutu akiishi mu kambi, anafanya nini siku ya Mungu? Swali hilo lilisumbua sana kampuni na misioni. Jibu lao moja lilikuwa mupira. Mapadri Wabenediktini, na kati yao Padri Grégoire Coussement, walisukuma mupira na skauti mu muji. Mu 1939, Wabenediktini wa Institut Saint-Boniface walianzisha timu Saint-Georges, ile ambayo ilikuja kuitwa Saint-Paul, kisha Englebert juu ya kampuni ya mipira ya motokari, na leo ni Mazembe. Mwaka ule ule wa 1939 ikazaliwa Saint-Éloi, Lupopo yetu, ambayo supoteri wake tunawaita mpaka leo watu wa reli. Hata jina linasema: Mutakatifu Eloi ni musimamizi wa wafua vyuma.

Kwa hiyo tangu mwanzo mupira wetu haukukuwa mucheko tu. Ulikuwa namna ya kutuliza mufanyakazi. Wale wakubwa walifikiri kama mutu akipiga kelele ku kiwanja, hatapiga kelele mu izini.

Tarehe 9 Desemba 1941

Miaka miwili tu kisha, hesabu yao ilikataa.

Ilikuwa wakati wa vita. Wazungu wa Ulaya na Amerika walihitaji shaba, kazi ikazidi, bei ya vitu ku soko ikapanda, mushahara ukabakia pale. Wafanyakazi wazungu wa Union Minière walikuwa wa kwanza kusimama na kudai. Waafrika waliona, na wao wakadai. Mwanzo wa Desemba, mugomo ulianza Likasi, ambayo iliitwa Jadotville, kisha ukafika hapa Élisabethville.

Wafanyakazi walikusanyika ku kiwanja cha mupira. Fikirieni vizuri jambo hili. Hawakuwa na sendika, juu sheria iliwakataza; haki ile Waafrika waliipata tu mu 1946. Hawakuwa na nyumba ya mikutano, wala mutaa mukubwa ambao polisi haikuwasukuma. Fasi moja tu mu muji ilikuwa kubwa ya kutosha na waliizoea kama yao: kiwanja ambacho kampuni yenyewe iliwapa ili wacheze na wasahau. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alikuja kuwaambia warudi ku kazi. Walikataa. Tarehe 9 Desemba 1941, askari walipiga risasi mu kikundi cha watu. Makumi ya watu walikufa, na hesabu za serikali na za wazee wetu hazijapatana mpaka leo. Kati ya waliokufa kulikuwa Léonard Mpoyi, ambaye alikuwa anasema kwa jina la wenzake.

Kila mara ninasikia mutu anasema mu muji "mupira ni mupira, siasa ni siasa", ninakumbuka tarehe ile. Ku Lubumbashi, mugomo mukubwa wa kwanza wa wafanyakazi ulizikwa ku kiwanja cha mupira. Na kule Kinshasa, tarehe 4 Januari 1959, wakati mukutano wa Abako ulikatazwa, watu waliotoka ku mupira walijiunga na wale wenye hasira, na muji ukawaka. Mwaka mumoja na nusu kisha, tulipata uhuru. Kiwanja njo fasi ambapo watu wa chini wanajihesabu na kuona kama ni wengi.

Vile Waingereza waliandika yao

Waingereza, ambao ujeuri wa supoteri uliwapatia haya mu dunia yote, hawakuachia polisi peke yao kazi ya kueleza. Mu 1959, Alan Sillitoe, mutoto wa Nottingham ambaye alifanya kazi mu izini ya baiskeli, aliandika hadisi fupi yenye jina The Match. Fundi mumoja wa motokari anaenda kuona timu yake, inashindwa, anarudi nyumbani, na hasira yote inaangukia bibi yake ku meza. Mupira unachukua kurasa kidogo tu. Ukisoma, unaelewa kama goli lile halikukuwa sababu, lilikuwa tu tone la mwisho mu ndoo.

Tarehe 29 Mai 1985, ku kiwanja cha Heysel mu Brussels, mbele ya finali ya Liverpool na Juventus, watu 39 walikufa. Kisha pale, magazeti ya Uingereza yaliita supoteri wanyama. Lakini waandishi wengine waliingia ndani ya kichwa chao. John King, mu riwaya The Football Factory ya 1996, anamupa nafasi ya kusema kijana mumoja wa Chelsea, Tommy Johnson. Na angalieni: Tommy iko na kazi, anafanya mu depo. Hana njaa. Kinachomuuma ni kuona kama hahesabiwe. Kwa hiyo wale ambao wanasema "ni umaskini tu" wanakosea sawa na wale ambao wanasema "ni ujinga tu". Mu kilimo tunalijua: majani ya mahindi yakigeuka manjano, mwenye haraka analaumu mvua, kumbe ni udongo wenye asidi ambao unafunga mizizi. Ukiongeza maji, haubadilishe kitu.

Riwaya haisamehe Tommy. Anapiga watu, na unaona damu. Lakini kisha kusoma hauwezi tena kusema hauelewi inatoka wapi.

Udongo wa 2010

Turudi sasa kwetu. Wazazi wetu walisema: kazi njo baba, kazi njo mama. Haikukuwa musemo wa bure. Kampuni ilikupa nyumba, ilizalisha bibi yako, ilisomesha watoto, ilikupa unga, na siku ya Mungu ilikupa mupira. Gécamines, kisha 1967, ilifuata njia ile ile. Mu katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ingali inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mu Septemba 1990, muyina wa Kamoto ulianguka kule Kolwezi. Katikati ya miaka ya 1990, kampuni nzima haikufikisha tena hata tani 50,000. Mishahara ikakaa miezi na miezi. Mu 2003, kwa pesa za Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa mu mupango ambao uliitwa "kuondoka kwa kupenda". Wazee wetu wanajua namna gani kupenda kule kulikuwa.

Baba mumoja akikufa, watoto wanatafuta nani atakaa ku kiti chake. Ku kiti kile tuliona kampuni mupya, na Wachina: izini ndogo za kuyeyusha, depo za kununua mawe kwa bakrezere, maduka ya vyombo na viatu. Mu 2007 na 2008 serikali ikafanya nao mapatano makubwa ya shaba kwa barabara. Kisha, mwisho wa 2008, bei ya shaba ikaanguka kutoka juu ya dola 8,000 kwa tani mpaka karibu 3,000. Izini ndogo nyingi zikafunga, na kati yake za Wachina. Wafanyakazi wakakuta mulango na kufuli. Baba Union Minière alikuwa mukali, mara alikuua, lakini alikujua jina. Huyu mupya hakukuwa hata na kontra ya kuonyesha.

Mu kipindi kile, Mazembe peke yake njo ilikuwa inapanda. Kombe la Afrika 2009, tena 2010. Kule Abu Dhabi, ilipiga Pachuca ya Meksiko, kisha Internacional ya Brazili 2-0, na ikakuwa timu ya kwanza kutoka inje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika finali ile. Kidiaba akaruka-ruka na matako ku majani, dunia nzima ikamuona. Rais wa timu, Moïse Katumbi, njo alikuwa pia gavana wa Katanga. Timu, muji, jimbo: vyote vilikuwa kitu kimoja. Kwa siku tatu ine, mutu wa Katuba ao wa Kenya alihesabiwa mu dunia. Kisha magoli matatu, na mutu wa Asia mwenye filimbi mu kinywa.

Mimi siseme kama kila kijana aliyebeba jiwe alifikiria bei ya shaba. Wengine walitaka tu kuiba, na hatuwezi kuwapamba. Na Mushina mwenye duka, ambaye alikuwa ametoka mbali kuuza masufuria, hakukuwa gavana Maron. Alilipia deni ambalo si lake. Hiyo njo ubaya mukubwa wa hasira isiyokuwa na maneno: inapiga yule ambaye iko karibu na ambaye hana askari. Mu 1941, wafanyakazi walijua ni nani wanamudai na walikuwa na Mpoyi wa kusema. Mu 2010, hakuna mutu aliyesema. Kulikuwa tu mawe.

Kurasa ambazo zinakosekana

Si kweli kama sisi hatuna wasanii wa hasira. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mu 1947, alichora historia yote ya inchi mu miaka ya 1970, na wafanyakazi waliouawa wa Union Minière wako mu picha zake. Fiston Mwanza Mujila, mutoto wa Lubumbashi, mu Tram 83 ya 2014 alionyesha muji wa mayina, wachimbaji na wanafunzi wanagombania hewa moja. Lakini yeye alituweka mu bar ya usiku. Supoteri wetu, yule wa Mia kwa Mia ambaye anatembea na ngoma toka Kamalondo, ama yule mzee wa reli ambaye bado anavaa rangi ya Lupopo na hajalipwa pansio yake, anangojea bado kitabu chake.

Kwa sasa anaingia tu mu ripoti ya polisi ao mu hesabu ya wafu. Tarehe 11 Mai 2014, ku kiwanja Tata Raphaël kule Kinshasa, Mazembe na V.Club, fujo ikatokea, polisi wakatupa gazi, watu wakakanyagana, na zaidi ya kumi wakakufa. Tulijua hesabu. Walifanya kazi gani, waliacha nani nyumbani, walikuja kusahau nini siku ile, hakuna aliyetuambia.

Sisi ambao tuko na diplome na tunangojea kazi, tunapenda kusema "bale ba ku mupira" sawa vile wao ni watu wengine. Lakini ukiketi nao ku tribini, utakuta kati yao wenye licence kama wewe. Wazee wa 1941 bangali wanakumbukwa mu manyumba, watoto wa Départs volontaires wako hai, na vijana wa 2010 leo ni wababa wenye miaka thelathini na kitu. Mutu anaweza kuwauliza, mu Swahili, na kuandika. Tusipofanya, mara ingine timu itashindwa, mawe yatatembea, na kesho yake tutacheka tena.