Kupenyezwa
Yadi moja kabla ya mstari wa goli, Philadelphia Eagles, timu ya futiboli ya Kimarekani, huchagua mchezo ambao uwanja mzima unautarajia: kwotabeki Jalen Hurts anadaka mpira na kujitosa mbele, wenzake wakimsukuma mgongoni. Je, anapenya? Kupenya kunadai upenyo, na pale pana ukuta wa miili. Hurts anapenyezwa. Nakipenda kitenzi hiki kwa kuwa kinawapa wasukumaji haki yao. Wahenga walipenyeza rupia penye udhia. Eagles wanampenyeza mtu. Ndivyo walivyopata pointi za kwanza za fainali ya ligi, Super Bowl, ya Februari 2025, wakaishinda Kansas City Chiefs 40-22. Mei mwaka huo, timu 22 kati ya 32 za ligi zilitaka msukumo huo upigwe marufuku. Zilihitajika 24.