Kanga na Habari Katika Maduka ya Tanga

Husemwa siku hizi kwamba kuiuza bidhaa kwa kuifuata habari mpya, tena kuiuza kwa kundi moja la wanunuzi badala ya watu wote, ni ufundi uliozaliwa jana. Mtu aliyelelewa Ngamiani, mjini Tanga, hawezi kuipokea kauli hiyo bila ya kutabasamu. Bibi zetu walinunua habari kwa doti muda mrefu kabla ya ufundi huo kupewa jina. Makala haya hayakusudii kueleza historia yote ya kanga, ambayo wengine wameichungua kwa bidii. Yanakusudia kuuliza swali moja ambalo, kwa maoni yangu, halijapata jawabu la kutosha: ikiwa wauzaji wa kanga walifuata habari, kwa nini kanga nyingi hazitaji habari yoyote?

Jawabu la kwanza limo katika safari ya nguo. Biashara ya nguo katika pwani yetu imekuwa mateka wa matukio ya mbali tangu zamani. Merikani iliyotoka Massachusetts ilitawala soko hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861–1865, vilipoipunguza, na nguo za Manchester na Bombay zikapata nafasi. Kanga ilitokea baada ya hapo, katika robo ya mwisho ya karne ya 19, nayo ilitoka mbali vile vile. Mchoro ulichaguliwa Unguja au Mombasa na mfanyabiashara, aghalabu Mhindi, aliyeijua mitaa na masikio ya wakazi wake. Ulipitia katika nyumba ya biashara ya Kizungu, kama vile Hansing ya Hamburg iliyokuwa na ofisi Unguja, ukafika katika viwanda vya Manchester au vya Uholanzi. Huko vibao vilichongwa, nguo ikapigwa chapa, ikafungwa marobota, ikarudi kwa meli.

Sasa fikiri habari ilivyosafiri. Mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden uliifikia Unguja, na tangu hapo jambo lililotukia Ulaya liliweza kujulikana kwetu baada ya saa chache. Kitambaa hakikupita katika waya. Meli za Deutsche Ost-Afrika Linie zilianza safari zake mwaka 1890 na zikatia nanga Tanga, lakini wepesi wa meli haukuigeuza miezi kuwa siku. Wala Tanga haikuwa na njaa ya habari: mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiongozi lilichapwa mjini humo katika shule ya serikali ya Wajerumani, na Wamisionari wa Magila, upande wa Muheza, walikuwa na gazeti lao la Habari za Mwezi. Habari ilikuwapo, na moto wake ulikuwapo. Nguo ndiyo iliyochelewa. Mwenye duka aliyeagiza nguo yenye kutaja tukio alikuwa akicheza kamari, kwani marobota yangeweza kufika wakati watu wamekwisha kuhamia katika mazungumzo mengine, naye akabaki na mzigo asioweza kumpa mtu hata kwa nusu ya bei.

Mimi nadhani ni kucheleweshwa huku kulikoifundisha kanga kusema kwa fumbo. Mfanyabiashara aliacha kuchapa tukio, akachapa nafasi ya tukio, yaani maneno ambayo habari yoyote itakayozuka siku marobota yatakapofunguliwa ingeweza kukaa ndani yake. Sisemi kwamba alilipanga jambo hili kwa hesabu. Biashara hujifunza kwa hasara, na kilichobaki sokoni ni kile ambacho hakikuoza.

Msomaji wa sarufi atauona ushahidi katika vitenzi. Majina ya kanga, yaliyoandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kirumi, yanapenda kiambishi cha hu- na wakati wa -a-. Yanapenda kukanusha, kama katika Wema hauozi. Mara nyingi hayana kitenzi kabisa. Katika yale niliyoyakusanya mimi mwenyewe katika mitaa ya Tanga, Pangani na Muheza, ni nadra kukuta -li-. Majina ya watu ni nadra zaidi, na neno la kutaja wakati, kama vile leo au mwaka huu, karibu halipo. Tungo la namna hii halina tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo halizeeki.

Hapa naomba ruhusa nimlete bibi yangu, mzaa mama. Katika sanduku lake mlikuwa na kanga moja iliyopauka, jina lake Subira yavuta heri, ambayo daima aliiita ile ya Uhuru. Niliitazama pindo na mji, nikatafuta mwenge, bendera, hata tarakimu, sikuona kitu. Nilipomwuliza alinijibu, "Mjukuu wangu, niliinunua wiki ile ya Disemba, 1961. Uhuru ulikuja kwa vita au kwa subira?" Jirani yake wa mlango wa pili alinunua kanga ile ile, duka lile lile, wiki ile ile, lakini kwake yeye subira haikuwa ya nchi. Mumewe alikuwa amerejea kutoka Mombasa baada ya kutoonekana kwa miaka, na barabara nzima ililielewa hivyo alipoivaa kwenda kisimani. Nguo moja ilibeba habari mbili, na mwenye duka aliuza doti mbili. Sijui kama yeye alizijua habari hizo, wala hakuhitaji kuzijua.

Litaletwa pingamizi, nalo ni la haki: mbona sanaa nyingine za pwani hii zilitaja tukio bila ya haya? Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alipotunga utenzi wake juu ya vita vya Wadachi kuutamalaki Mrima aliwataja watu na miji. Naye Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani mwezi wa Disemba, 1889, hakufichwa nyuma ya methali. Siti binti Saad naye, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri, aliimba juu ya Kijiti, muuaji ambaye kila mtu Unguja alimjua kwa jina. Sahani hizo zilisafiri bahari kama marobota, zikachelewa kama marobota, na bado zilinunuliwa. Basi safari peke yake haitoshi kuwa sababu.

Tofauti, nionavyo, ni mvaaji. Utenzi una mtungaji wa kujibu juu yake, na wimbo una mwimbaji. Lakini neno la kanga humwangukia mwanamke aliyejifunga. Akivaa jina la mtu fulani, yeye ndiye aliyelisema, na huenda likamfikisha barazani kwa wazee. Akivaa fumbo, aliyechomwa ndiye atakayelazimika kujitaja. Mnunuzi wa kanga hakuwa anatafuta kuarifiwa. Habari alikwisha kuisikia. Alikuwa anatafuta neno la kuijibu habari, lisilomfunga. Mwenye duka aliyelitambua hilo alimjua mteja wake kuliko wengi wanaojigamba leo kwa ufundi huo.

Hali ilibadilika viwanda vilipofika karibu. Kiwanda cha Urafiki kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa Wachina kilianza kazi mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, na sasa nguo iliweza kutoka mashineni ikafika Tanga kwa lori kabla habari haijapoa. Papo hapo kanga ikaanza kutaja. Chama, sikukuu za taifa, kampeni za serikali na nyuso za viongozi viliingia katika mji wa kanga. Kilele cha mkondo huu, kwa fikira zangu, ni kanga iliyotoka baada ya uchaguzi wa Marekani wa tarehe 4 Novemba, 2008. Katikati ina picha ya mtu na maneno Hongera Barack Obama. Chini yake jina, Upendo na amani ametujalia Mungu. Mtazame yule -me- katika ametujalia. Jambo limekwisha tendeka, na matokeo yake yapo mbele yetu: huo ndio wakati wa habari, si wakati wa methali. Obama alipozuru Dar es Salaam mwezi wa Julai, 2013, nguo zenye picha yake zilionekana tena barabarani.

Sizidharau nguo hizi, ila naona zinamwachia mvaaji kazi ndogo. Kanga ya tukio husema jambo moja kwa watu wote, na wiki zikipita huenda sandukuni kama ukumbusho au jikoni kama kitambaa cha kupulia sufuria. Ile ya fumbo huagizwa tena, kwa rangi nyingine, na wanawake ambao hawajui ilikwisha kusema nini.

Na hapo ndipo ninapoona hatari kwa sisi tunaofanya uchunguzi. Nilipokuwa masomoni Ulaya nilifunguliwa kabati la kanga katika makumbusho moja. Kila nguo ilikuwa na kadi, na kila kadi ilikuwa na mwaka ambao makumbusho iliinunua, urefu, upana, na tafsiri ya jina. Wapi ilinunuliwa kwanza, na nani, kwa habari gani, hapakuwa na mstari wa kuandikia. Kanga ya Uhuru ya bibi yangu ingewekwa humo chini ya kichwa cha methali za kuhimiza uvumilivu. Wazee wanaoweza kusema nguo fulani ilivaliwa kwa jambo gani wanapungua kila mwaka, na nguo yenyewe, kama nilivyoonyesha, imetungwa makusudi isiseme.

Kipande kimoja cha doti ile nimepewa na familia nikilete chuoni. Cha pili kilifunikwa juu ya jeneza lake. Katika kadi nimeandika Tanga, Disemba 1961, na chini yake nimeziandika habari zote mbili, ya Uhuru na ya mume wa jirani.